Mahali Pasipokuwa na Chakula

Naandika haya kwa ajili ya mtu aliyekaa leo kwenye ile kliniki ya wagonjwa wa unene, akijifanya anasoma simu, huku macho yake yakitafuta kiti kisicho na mikono. Namjua. Viti vyenye mikono vinabana, na ukitaka kusimama kiti kinainuka nawe, na watu wanageuka kutazama. Mimi nilisimama ukutani Alhamisi ya kwanza, saa mbili nzima, magoti yakiniuma, nikimwambia kila aliyenikaribisha kwamba sijachoka.

Jina langu ni Beatrice Nekesa. Ni Mkenya wa Bungoma, lakini Kampala nimekaa miaka mingi kuliko niliyokaa kwetu. Nilikuja nikiwa msichana, miaka michache baada ya vita vya miaka ya themanini, wakati kuta za nyumba nyingine bado zilikuwa na matundu ya risasi. Nilifikia kwa kaka yangu, mtaa wa Mbuya. Sasa naishi Kisugu na mume wangu Wafula, fundi wa umeme, pamoja na binti yetu Faith, ambaye wakati wa haya yote alikuwa na miaka kumi na saba. Nauza karanga, simsim na viungo katika soko la Nakasero.

Mwili wangu ulikua taratibu, baada ya Faith kuzaliwa. Kwanza viatu vilikataa, kisha pete. Baadaye nikaanza kuona vijana wa boda wa pale Kisugu wakiangalia pembeni nikikaribia, kila mmoja akitumaini nitamchagua mwenzake. Nilipata sukari. Magoti yalivimba. Nikilala, pumzi ilikatika, na Wafula alikuwa akinitikisa bega mpaka nivute hewa. Asubuhi sote wawili tuliamka tumechoka, na hakuna aliyetaka kusema kwa nini.

Nilijaribu kufunga. Nilijaribu maji ya ndimu, dawa za majani, na kutembea kupanda mlima hadi nikaanguka mbele ya duka la mtu. Nilipungua, nikarudi, nikazidi. Kama nawe umepita hapo, sihitaji kukueleza.

Siku nilipoamua ni siku ya mizani. Daktari aliyekuwa akinitibu sukari alitaka kujua uzito wangu kabla ya kuniandikia barua ya kwenda kwa wapasuaji. Mizani yake ilifika mwisho wa namba zake, ikaonyesha vistari tu. Daktari alikuwa mpole. Aliniambia nitafute mizani kubwa popote, nimletee jibu. Kesho yake alfajiri, kabla wateja hawajaja, nilimwomba jirani yangu wa sokoni, Mama Zaina, anayeuza mchele, anipime kwenye mizani ya magunia. Mama Zaina ni wa zile familia za Kiislamu zenye asili ya pwani zilizokaa Kampala tangu enzi za mababu, na Kiswahili chake ni kitamu kuliko changu. Alinishika mkono nikapanda. Alisoma namba, hakuitamka. Aliiandika kwenye karatasi, akaikunja, akanipa. Kisha akasema, "Dada yangu, shuka twende tukafungue biashara."

Niliifungua ile karatasi nikiwa peke yangu. Kilo mia moja na hamsini na nane.

Wapasuaji walinieleza kwamba wangepitia matundu madogo, wakate sehemu kubwa ya mfuko wa chakula tumboni, na kubakiza kipande chembamba. Kabla ya hapo ningehudhuria kliniki kila Alhamisi kwa miezi mitatu. Nilikubali yote isipokuwa jambo moja ambalo sikulisema. Dada yangu Rose aliingia chumba cha upasuaji kule Bungoma kujifungua, akapewa nusukaputi, na hakuamka. Kila daktari aliponiambia "utalala tu," nilimwona Rose.

Aliyegundua ni muuguzi wa kliniki ile, Sista Nambi, mama Mganda mnene kiasi, mwenye sauti ya chini. Siku moja alipokuwa akinipima presha aliacha mpira mkononi mwangu, akaniuliza:

"Mama Faith, hii damu inapanda kwa sababu gani? Nani anakukimbiza?"

Nikamwambia habari za Rose. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwambia mtu wa hospitali.

"Bambi," akasema, kwa ile huruma ya Kiganda. "Kale, sawa. Wewe utakuja kwangu kila Alhamisi, kabla ya daktari. Tutafanya kutembea na akili."

Kutembea na akili ndivyo alivyoita yeye. Unakaa, unafunga macho, na mtu anakuongoza kwa maneno mpaka uone mahali unapopapenda: uone mwanga wake, usikie sauti zake, uguse vitu vyake. Unafanya hivyo mara nyingi, mpaka mwili wako unaizoea njia na kutulia wenyewe ukifika. Alikuwa akiwafundisha wagonjwa wote wa upasuaji wetu. Hakusema kwamba inaponya. Alisema ni mahali pa kushika wakati huna pa kushika.

Siku ya kwanza tulikuwa wanne kwenye chumba kidogo chenye feni inayolia. "Weka mguu chini, zote mbiri," akasema Sista Nambi, na hapo utaelewa kwamba kwake l na r hubadilishana viti. "Pumua bira halaka. Uko kando ya ziwa."

Mimi ziwani sikuwahi kupapenda. Ziwa kwangu ni mbu na mashua zilizojaa kupita kiasi. Nikajipeleka jikoni kwa bibi yangu, Bungoma. Kila kitu kikaja: moshi, jua likiingia kwenye nyufa za ukuta, mikono ya bibi. Kisha chungu kikafunguliwa, na mate yakanijaa mdomoni, na nikafungua macho nikiwa na njaa na aibu.

Wiki iliyofuata nikajipeleka kanisani. Baada ya ibada ikaja chai ya maziwa na mandazi. Nikajipeleka harusini kwangu. Nikajipeleka sokoni, pale kwenye meza yangu, na mkono wangu wa mawazo ukaenda kwenye karanga kama unavyoenda kila siku, punje mbili kwa mteja, punje mbili kwangu. Hata Krismasi, hata matanga ya Rose. Mwezi mzima niliyapekua maisha yangu yote na sikupata chumba ambacho sikuwa nimekaa nikila.

Nililia mbele ya Sista Nambi kwa sababu hiyo. Nilimwambia, "Sista, mimi sina pa kwenda. Kila ninapofika, kuna sahani."

Hakunicheka. Alivuta kiti. "Nnyabo, mama yangu, hiyo si dhambi. Watu walikupenda na chakula. Sasa usilazimishe. Niambie tu, kazi yako ya kwanza hapa Kampala ilikuwa nini?"

Nikamwambia kwamba nilifua nguo. Kaka yangu alinitafutia kazi kwenye nyumba moja ya wageni pale Mbuya, nikifua mashuka.

"Mashuka mnaanika wapi?"

Na hapo nikaona. Nyuma ya nyumba ile kulikuwa na mteremko, na kamba ndefu saba. Asubuhi baada ya mvua, upepo ulitoka bondeni ukaingia ndani ya mashuka, yakajaa, yakapiga kelele kama watu wanaopiga makofi. Nilikuwa nikinyoosha mikono juu kabisa, vibanio mdomoni, na mdomo wenye vibanio hauli. Nguo zangu zilinuka sabuni. Maji baridi yalinitiririka mpaka kwenye viwiko. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, sikuwa na kitu, na sikuwa nikiogopa chochote.

"Umefika," Sista Nambi alisema. Sikuwa nimemwambia. Alikuwa ameona mabega yangu.

Tangu siku hiyo tukafanya kazi na mashuka yale. Aliniandikia maneno kwenye karatasi, kwa Kiswahili chake, nisome nyumbani. Nilikwenda Mbuya kila asubuhi kabla ya kutoka kitandani, na kila jioni, na nilipokuwa kwenye foleni ya vipimo. Alinifundisha kuliweka hata jambo la hofu ndani yake: nione milango ya chumba cha upasuaji, nione taa, nisikie jina langu likiitwa, kisha nipite nitokee kwenye mteremko. "Lala huko," alisema. "Na kuamka, amkia huko pia. Kuna shuka ya mwisho hujaanika. Lazima urudi uanike."

Nyumbani mambo hayakuwa mepesi. Wafula alinikuta nimefunga macho, akasimama mlangoni.

"Mama Faith, unaomba?"

"Hapana. Nafanya yale ya kliniki."

"Ukifunga macho hivyo bila kuomba, nani anaingia?" Alisema kwa utani, lakini hakucheka. Kisha akaketi kando ya kitanda akanigeuzia mgongo. "Mimi nilikuoa ukiwa mwembamba, ukanenepa nikiwa nawe. Sijawahi kulalamika. Sasa unataka wakukate. Usipoamka, nitawaambia nini watu wa kwenu? Kwamba niliwapa maiti ya dada wa pili?"

Hapo nikajua kwamba tulikuwa na hofu moja, kila mtu akiibeba upande wake wa kitanda. Nilimwambia kuhusu kamba saba. Alisikiliza hadi mwisho. Hakusema ameamini, ila kuanzia hapo alinifungia mlango nilipokuwa nikifanya.

Faith ndiye aliyeniumiza. Binti yangu ana mwili kama wangu. Jioni moja, nikiwa nimeanza zile wiki za mwisho za kunywa uji mwepesi na supu tu, nilimwambia kwa furaha kwamba karibu ugonjwa huu utaniacha. Alikuwa anapiga pasi sketi ya shule. Hakuinua kichwa.

"Ugonjwa gani, Mama?"

"Huu mwili."

"Na mimi nina mwili huohuo," akasema. "Kwa hiyo na mimi ni ugonjwa?"

Nikaanza kusema kwamba yeye bado mdogo, kwamba yake ni tofauti, na kila neno lilizidi kuharibu. Alikunja sketi akaenda chumbani. Wiki zote mbili zilizobaki alinijibu kwa heshima tu, jinsi unavyomjibu mgeni.

Nilipasuliwa msimu wa senene, wakati mji mzima unakaanga panzi na harufu inapita hata madirisha ya hospitali. Wafula alinishika mkono mpaka pale walipomwambia basi. Ndani kulikuwa na baridi. Nilipouona ule mfuniko wa kupumulia ukishuka, Rose alikuja, kama nilivyojua atakuja. Nikavuta harufu ya sabuni. Nikainua mikono. Sikumbuki zaidi, isipokuwa kwamba nilipoamka koo likiwaka moto, neno la kwanza nililosema, Wafula ananiambia, lilikuwa "kibanio".

Siku ya kwanza nilitembea kwenye korido nikisukuma chuma cha dripu. Nilikunywa maji kwa kifuniko cha chupa. Nilijiona shujaa.

Siku ya tatu moyo ulianza kwenda mbio nikiwa nimelala tu. Bega la kushoto liliuma, nikatetemeka kwa homa. Daktari alikuja, akaminya tumbo langu, uso wake ukabadilika. Walisema huenda mshono mmoja wa ndani unavuja. Ningepigwa picha, na kama ni kweli, ningerudishwa ndani, niwekewe mrija. Wafula alikuwa amekwenda kazini, Sista Nambi alikuwa zamu nyingine upande wa pili wa mji. Aliyekuwa kwenye kiti kando yangu ni Faith, aliyeletwa na baba yake na ambaye tangu asubuhi alikuwa akisoma daftari lake la kemia.

Nilifunga macho nikaenda Mbuya, na Mbuya hapakuwepo. Kulikuwa na giza na mapigo ya moyo wangu tu. Hili nakuambia wewe unayejiandaa: kuna siku utaita na mahali pako hapataitika. Si kosa lako. Ndiyo maana unahitaji mtu.

"Faith," nikasema. "Kwenye mkoba wangu kuna karatasi. Nisomee."

Alitafuta, akaikunjua. Akaitazama hati ya Sista Nambi. Kisha akaanza, kwa sauti ya mtu anayesoma mbele ya darasa.

"'Mama Faith. Weka mguu chini, zote mbiri.'" Akasita. "Mama, umelala. Miguu haiwezi kuwa chini."

"Endelea tu."

"'Pumua bira halaka.'" Akasita tena. "Bira halaka?"

Nilijua mdomo wake unapambana na kicheko, na wangu pia. Tukacheka. Kicheko kiliniingia kwenye mishono kama kisu, nikashika tumbo nikilia na kucheka, na Faith akawa amesimama, amenishika bega, naye machozi yanamtoka, akisema, "Pole Mama, pole, pole." Aliposogeza kiti karibu hakurudi kwenye ile sauti ya darasani.

"Pumua bila haraka," akasema. Karatasi alikuwa ameiweka chini. "Uko Mbuya. Umemaliza kufua. Mimi sijazaliwa bado, kwa hiyo una nafasi yako yote. Upepo unakuja. Shika shuka pembe hii, mimi nashika ile."

"Hujazaliwa," nikamwambia.

"Nimekuja tu kusaidia."

Akaniongoza hivyo hadi walipokuja na kitanda cha magurudumu, na akatembea pembeni yake akiendelea, kamba ya kwanza, kamba ya pili, bila kujali wauguzi waliomtazama. Tulipoachana mlangoni tulikuwa kwenye kamba ya tano.

Mshono ulikuwa unavuja kweli. Waliniwekea mrija, nikakaa wodini wiki tatu bila kumeza chochote, hata maji. Niliijua dari ile vizuri kuliko nyumba yangu. Mwanamke wa kitanda cha pili aliimba tenzi za kanisani kwa Kiganda kila alasiri, na mhudumu mmoja alikuwa akininawisha uso kwa maji ya vuguvugu bila kuombwa. Mambo hayo madogo ndiyo yaliyonivusha. Mrija ulipotolewa nilipewa vijiko viwili vya maji, na nikajua kwamba maji yana ladha.

Yaliyofuata sitakuficha. Kufikia mvua za Machi nguo zilinining'inia, lakini nywele zilibaki kwenye kitana kwa mafungu. Ngozi ya mikono ilishuka kama mikono ya sweta ya mtu mwingine. Nilitapika mbele ya wageni kwa sababu ya tonge moja la haraka. Na niliomboleza chakula. Sijui neno lingine. Nilikaa mezani na watu wangu nikiwa na kikombe kidogo, nikiwaangalia wakila, nikajisikia nimehama nyumba. Wafula naye hakujua anishike vipi. Alinigusa kama kitu cha kuazima. Ilichukua miezi kabla hajalala usingizi mzito tena, kwa sababu mkono wake ulikuwa umezoea kungoja pumzi yangu ikatike unitikise bega.

Sukari ilishuka, daktari akanipunguzia dawa. Nikapanda boda pale Kisugu, mwenyewe, na kijana akaondoka bila kutazama tairi. Nilifurahi, sitasema uongo. Lakini ukiniuliza ugonjwa uliisha lini, sitakutajia kilo.

Ilikuwa Jumamosi, karibu mwaka umepita tangu nipasuliwe. Nilikuwa nimetoa magauni yangu ya zamani kabatini, nayaweka kwenye gunia. Faith, ambaye alikuwa amemaliza mitihani yake, alisimama akinitazama.

"Unayapeleka wapi?"

"Kokote. Haya ni ya aibu yangu, sitaki kuyaona tena."

Aliinama akatoa gauni moja la kitenge, la njano na bluu, nililovaa kwenye ubatizo wake. Akaingia nalo chumbani. Aliporudi alikuwa amelivaa, na lilimkaa sawasawa, kama limeshonwa kwa ajili yake.

"Hili linanitosha, Mama," akasema. "Usiliite la aibu."

Nilikuwa nimejifunza kufunga macho na kuona mashuka ya miaka thelathini iliyopita, kila uzi wake, na huyu alikuwa amesimama mbele yangu, saa nne asubuhi, mchana mweupe.

"Mimi sijui kama nitataka upasuaji siku moja," akasema. "Labda nitataka. Lakini sitaki kungoja mpaka hapo ndipo uniangalie vizuri."

"Sogea dirishani," nikamwambia.

Akasogea. Nikakaa kitandani nikamtazama: mabega yake mapana, shingo, mikono minene iliyonishikia upande wa pili wa shuka, tumbo lake chini ya kitenge, uso wake ulioanza kuona haya kisha ukaacha. Sikuharakisha. Nilimtazama mpaka akatabasamu, kisha nikachukua lile gunia nikalimwaga lote juu ya kitanda, tukaanza kuchagua.